Kicheko cha Mapokezini

Walikutana mapokezini, siku kampuni ya maghala ya baridi ilipotangaza kazi na watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Binti wa mapokezi, gauni la buluu limemkaa barabara, alikuwa na tabia ya kuwamalizia watu maneno. Mbele yake akasimama fundi wa majokofu, shati limenyooshwa pasi, ulimi unakwama.

"Ni-nimele..."

"Umelewa, kaka? Asubuhi yote hii?"

"Nimeleta vyeti!"

Wakacheka mpaka foleni ikanung'unika. Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi alikuwa hapendi kuongea kwenye simu, lakini kwa ujumbe hana mpinzani: *Ua langu, umekula?*

Siku ya usaili, meneja alimtoa fundi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Swali la majokofu hakuulizwa hata moja. Kisha meneja akaja mapokezini, tumbo mbele, akaigiza: "Mi-mi-mimi ni fu-fu-fundi! Ghala likiungua, huyu atatuambia lini?"

Makarani wakacheka. Binti naye akacheka, kile kicheko kichafu cha kulinda mshahara. Alipogeuka, fundi alikuwa mlangoni na bahasha yake ya vyeti.

Tangu hapo ujumbe wa binti haukujibiwa. Kila meneja alipomwita "mrembo", binti aligeuza uso. Mwishowe akaenda kwa dada yake fundi.

"Wifi, yuko uani," dada alisema. "Hasemi na mtu."

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu bovu.

"Mpenzi, mbona hunijibu?"

"U-uli..."

"Ulinikasirikia?"

Akatikisa kichwa.

"Ulinisubiri?"

Akatikisa tena. Binti akauma midomo.

"Uliche... ulicheka."

"Nilicheka," binti akasema, machozi yakimtoka. "Nikijitazama kwenye kioo najisikia kutapika. Wewe kazi unaijua, wamekunyima kwa sababu ya ulimi, na mimi nikawachekea! Leo nimemwambia meneja ukweli wake mbele ya makarani."

"A-akasemaje?"

"Kanifukuza."

Fundi akasogeza vifaa vyake kumpa nafasi.

"Basi hatuna kazi wo-wo..."

Binti alilijua neno linalokuja. Hakumsaidia. Aliketi kwenye saruji yenye grisi, na gauni lake la buluu, akasubiri.

"Wote wawili," akasema fundi.