Taulo la Sikuzani

Jua lilikuwa linazama Sikuzani alipokumbuka kwamba taulo la kazini bado liko begani. Akaguna, akageuza njia.

Kwenye shamba lile la chumvi, upande wa Saadani, kila kibarua hupewa taulo jeupe asubuhi, la kujifutia jasho. Jioni hulirudisha likafuliwe. Ujira kiduchu, lakini taulo bure! Na watu wakashukuru. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mumewe, Mikidadi, kibarua mwenziwe, alikuwa kitandani. Homa inamchoma na mwili mkavu kama samaki ng'onda, tone la jasho halimtoki. Zahanati walishindwa kumwelewa, na Sikuzani alishaanza kuogopa kuitwa mjane.

Ofisi ilikuwa kimya. Chumba cha kufulia kilinuka udi... na makwapa.

To... to... to...

Akachungulia. Mkurugenzi Haidar, ambaye mshahara wake wa mwezi vibarua wote hawaupati kwa mwaka, alikuwa amechuchumaa na suti yake, akikamua mataulo kwenye beseni. Kila alilokamua, aliita jina.

"Abdala... Khamis... Mikidadi..."

"Naam," beseni likaitika.

Kwa sauti ya Mikidadi.

Hasira ikamsukuma ndani.

"Shikamoo, bosi."

Haidar hakugeuka. "Marahaba. Lete hilo lako."

"Silileti."

"Sikuzani," Haidar alinong'ona, "hiki cheo nimekitolea jasho."

"Jasho la nani?"

Beseni likacheka.

Hapo woga ukamwisha Sikuzani. Akalipiga teke! Maji yakatambaa hadi nje, mchanga ukayanywa kwa pupa, na Haidar akabaki akikomba sakafu kwa viganja.

Nyumbani alimkuta Mikidadi ameketi, shuka limelowa chapachapa, anataka uji. Sikuzani alilia kwa furaha.

Haidar hakuonekana tena. Kitini kwake ilikutwa suti tupu, imeganda chumvi. Kilichompata hakuna ajuaye.

Baada ya wiki akaja mkurugenzi mpya, mcheshi, mshahara mnono kuliko wa Haidar, na robota la mataulo meupe.

"Karibuni, ya bure haya!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Sikuzani akasogea mbele, akiwa na taulo lake la jioni ile. Tangu siku hiyo lilikuwa likianikwa juani, wala halikukauka.

"Sisi tumefunzwa, kibarua hulipwa kabla jasho lake halijakauka," alisema. "Shika, bosi. Hili bado bichi."

To... to... to...

Mkurugenzi akarudi nyuma.