Milango Sita Mifupi

Fundi aliamka amechoka, akaenda kazini amechoka. Karakana ilikuwa uani, hatua ishirini kutoka kitandani. Siku hizi hatua ishirini zilikuwa safari, maana magoti yalikuwa yamegoma. Alikaa juu ya kigogo, akasubiri mdogo wake amletee randa.

Mdogo wake waliyemwita Mrefu hakuonewa kwa jina hilo. Akiingia karakanani aliinamisha kichwa. Akinyoosha mkono aligusa mabati ya paa.

Ndugu hawa walikuwa wametengeneza milango kwa miaka kumi na tisa bila kipimo cha dukani. Baba yao aliwafundisha kupima kwa mwili. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni mkono mmoja. Kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo, kiganja kikiwa wazi, ni shibiri moja. Fundi alikwenda mwenyewe kwenye nyumba, akapima, akarudi akakata. Haikuwahi kumharibikia.

"Mkono hausahauliki nyumbani," alipenda kusema.

Mwaka huu zahanati mpya iliagiza milango sita. Magoti yalikataa, kwa hiyo Fundi akamtuma Mrefu akapime. Mrefu akarudi na jibu kichwani.

"Kwenda juu, mikono minne na shibiri moja. Upana, mikono miwili kamili."

Fundi akakata. Wiki tatu waliranda, wakaunga, wakapiga msasa. Jumatatu waliipeleka milango, na Jumatatu hiyohiyo waliirudisha. Ilikuwa mifupi na myembamba. Juu pangepita kuku, pembeni pangepita mjusi na mkewe.

Msimamizi wa ujenzi, mama asiyepoteza maneno, aliwaambia, "Jumamosi. Ikipita Jumamosi, natafuta mwingine."

Walipofika karakanani, Fundi alikaa kwanza, ndipo akauliza.

"Ulipima milango kule, au ulipima hewa?"

"Nilipima milango, kaka. Mikono minne na shibiri."

"Na mimi nilikata mikono minne na shibiri. Sasa nani mwongo?"

"Miaka kumi na tisa, leo unaniita mwongo."

"Sijakuita. Nimeuliza."

"Umeuliza huku unaniangalia mimi."

Mrefu akaanza kukusanya patasi zake, moja moja, akazitia kwenye gunia. Rafiki yake alikuwa amemwitia kazi mji wa pili. Fundi alijua kwamba bila Mrefu milango ile haitainuka, wala karakana yenyewe. Lakini alikuwa amechoka hata kusema samahani.

Mke wa Fundi alikuwa akisikiliza dirishani. Alikwenda kwa jirani, akarudi na Bibi Mpima. Bibi huyu alistaafu kazi ya kupima ardhi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliburuta mnyororo wa kupimia kwenye vichaka na matope.

"Shikamoo, bibi," walisema ndugu wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

"Marahaba. Nipeni pa kukaa. Hamjachoka peke yenu."

Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili. Kisha akasema, "Wekeni mikono mezani. Viwiko viwe sawa."

Wakaweka. Vidole vya Mrefu vilipita vya kaka yake.

Bibi akatoa utepe wa chuma mfukoni, akapima. "Mkono wa Mrefu, sentimita arobaini na saba. Wa Fundi, arobaini na nne. Shibiri ya Mrefu, ishirini na mbili. Ya Fundi, ishirini. Haya, jumlisheni."

Mke wa Fundi ndiye aliyekuwa mwepesi wa hesabu. "Shemeji alipima mia mbili na kumi. Baba watoto akakata mia moja tisini na sita. Zimepungua kumi na nne. Upana zimepungua sita."

"Basi hapa hakuna mwongo," Bibi alisema. "Kuna mikono miwili."

Mrefu alikuwa bado ameshika gunia. "Lakini bibi, hata watu wa kale walipima kwa mkono."

"Walipima, na hawakuwa wajinga. Kuna wafalme walichonga kipimo cha mkono kwenye jiwe, na wajenzi wakalinganisha vijiti vyao na jiwe hilo. Wakajenga makubwa. Lakini ukivuka mpaka, mkono ulikuwa mwingine. Mwenye kitambaa na mnunuzi wakagombana, na wote wanasema kweli. Kama nyinyi."

"Ikabadilika lini?"

"Polepole. Ukiwauliza watu zamani na sasa vimetofautiana wapi, watakuambia umeme, magari, simu. Sawa. Mimi nimetembea sana, na naona kubwa ni hili: zamani mtu alifanya kazi zaidi na watu anaowajua. Leo tunafanya kazi na watu tusiowaona. Zamani sheria ya vipimo waliisoma wachache, leo hata wewe unaweza kuisoma. Dawa ya zahanati ile imetengenezwa na mtu asiyekujua. Unaimeza kwa sababu kipimo chake kimeandikwa. Na mita haikutoka kwenye mkono wa mfalme. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wataalamu waliipima dunia yenyewe, wakachukua sehemu yake ndogo. Walitaka kipimo kisicho na mwenyewe, kiwe cha wote."

"Waliipima dunia nzima?" Fundi aliuliza.

"Kipande tu, kisha wakapiga hesabu. Ilichukua miaka. Bila shaka magoti yaliwauma."

Fundi alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Mdogo wangu," alisema, "weka patasi chini. Nimekukosea."

"Na mimi nilipaswa kusema ni mkono wa nani," Mrefu alijibu, akafungua gunia.

Walibomoa milango sita. Mbao za katikati zilibaki. Za pembeni walikata mpya, ndefu na pana zaidi, na za chini zikawa pana zaidi pia. Mke wa Fundi aliandika kila kipimo ubaoni kwa chaki, Mrefu akapima, Fundi akapima tena. Kufika Ijumaa walikuwa wamechoka hata kuzungumza.

Jumamosi milango iliingia. Msimamizi alifunga na kufungua wa kwanza, wa pili, hadi wa sita. "Sawa," alisema.

Mwezi uliofuata alileta karatasi yenye namba za madirisha ya zahanati nyingine, safari ya siku mbili. Walitengeneza, yakapakiwa kwenye lori.

"Huendi kuyaona, kaka?" Mrefu aliuliza.

"Niende na magoti yapi? Namba zimekwenda."

Siku ya nne simu iliita. Sauti ya mtu wasiyemjua ilisema, "Fundi? Yameingia yote."

Fundi alimshukuru, akaweka simu chini, akanyoosha miguu.