Viatu Mlangoni

Saa 3:40 asubuhi, Jumapili

Chumba cha nyuma cha grosari, Bariadi, mwaka 1999. Jilala alichora ramani kwa chaki juu ya meza. Walikuwa watatu tu. Luhaga, mkuu wa genge, ambaye hakai chini hata kwa dawa. Mayige, mabega ya maksai, mume wa dada yake Jilala. Na Jilala mwenyewe, fundi umeme aliyefunga nyaya za chumba cha kompyuta kwenye kampuni ya pamba, moja ya zile zilizomiminika ushirika ulipoachia soko.

Mali: seva tatu. Mnunuzi yuko Lamadi. Mlinzi, guku Sayi, babu wa watu, yuko kanisani mpaka saa sita.

"Swichi kubwa iko barazani," Jilala alisema. "Naizima kwanza. Ikiwaka, usiguse chuma chochote mle. Mlango, kabati, nondo za dirisha, vyote nimeviunga kwa waya mmoja wa kwenda ardhini. Kitaalamu kabisa."

"Sasa shida nini?" Mayige aliuliza.

"Ardhini haufiki."

Akaeleza. Jana jioni panya alichubua waya darini, umeme ukashika chuma. Hilo lisingeua mtu. Umeme ungekimbilia kwenye ufito wa shaba aliouzika nje, na swichi ingejizima yenyewe. Ufito ule aliuzungushia mkaa na chumvi, kama alivyofundishwa chuoni. Mfuniko wa zege akaona ni kujisumbua. Ng'ombe wa guku Sayi wakanusa chumvi. Wakalamba, wakafukua, wakakata waya. Alilijua hilo siku tisa. Alinyamaza, maana angesema angefukuzwa kabla ya kazi ya leo.

Mayige alicheka mpaka machozi. Luhaga hakucheka. Aliuliza tu swichi ile inapandishwa au inateremshwa.

Saa 5:15

Swichi chini. Mlangoni kibao: VUA VIATU. Jilala akavua. Mayige akavua. Nani Bariadi aliwahi kuikaribia kompyuta na viatu? Vumbi lingeiua. Luhaga alibaki barazani na buti zake, akipokea mzigo na kuupakia garini.

Seva ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sakafu ya saruji ililowa maji ya kiyoyozi, baridi chini ya nyayo.

Mlango ukafungwa. Komeo likalia kwa nje. Kisha taa zikawaka.

"Luhaga?"

Gari likaondoka.

Saa 5:31

Nondo za dirisha zile, Mayige angeweza kuzing'oa kama mihogo. Aliruka kabla Jilala hajamshika. Kidole kimoja tu kiligusa. Umeme ukamtupa ukutani kama gunia. Alipoweza tena kupumua, wakachuchumaa katikati ya chumba, mgongo kwa mgongo, mikono kwenye magoti. Kila kilichong'aa kilikuwa na meno.

Saa 6:10

Nyayo. Wimbo wa kanisani, kwa sauti ya kukwaruza. Ukakatika. Guku Sayi ameona viatu. Kisha mlio mdogo: ndala za tairi zikivuliwa, moja, ya pili. Baraza nalo lilikuwa bichi. Bomba la kiyoyozi humwagia palepale.

Mdomo wa Mayige ukafika sikioni.

"Nyamaza, shemeji. Atavuta komeo. Akidondoka, tunamruka. Kumbuka una wapwa wanne."

Kila asubuhi mzee huyu humsalimu Jilala "mwangaluka, fundi," kisha huuliza habari za nyumbani, na husubiri jibu.

"Guku, usiguse mlango. Una umeme. Teremsha swichi kwanza."

Swichi ikalia. Taa zikazimika.

"Fundi? Hata Jumapili unafanya kazi?"

Jilala aliangalia miguu yake.

"Kaite polisi, guku. Na umwambie meneja swichi isipandishwe mpaka waya wa ardhini uungwe. Umekatika siku ya tisa leo. Nilijua."

Mayige alimtemea mate, akajaribu nondo kwa mkono uliokufa ganzi, akakaa chini.

Kupitia upenyo wa mlango Jilala alimwona akiinama, akivipanga viatu vyao jozi kwa jozi, visigino ukutani. Akavaa ndala zake, akaenda. Komeo hakuligusa.