Tarehe ya Uongo

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akaingia chumba cha nyuma kumsaidia shangazi yake kufungasha unga wa uji wa watoto wachanga. Jina hilo la utani alilipata kwa usemaji wake. Lakini tangu mama yake afariki, mdomo ulikuwa mzito, na moyo ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, ila hauhisi.

Zamani shangazi aliuza unga kwenye mifuko ya nailoni iliyopigwa fundo. Wateja wakabadilika. Wakataka pakiti ndogo za rangi, zenye zipu na picha ya mtoto mwenye mashavu. Mifuko ya zamani ikadoda rafuni miezi minne.

"Unga huo wa zamani umeingia unyevu, ni wa kumwaga," shangazi alisema Jumamosi moja. "Wewe chekecha unga mpya, ujaze pakiti, ubandike tarehe ya leo. Mimi naenda mashineni."

Kuchekecha kunachosha. Chiriku alifungua mifuko ya zamani, akaumimina ule unga kwenye pakiti mpya, akabandika tarehe ya siku hiyo. Hakufikiria ubaya. Hakufikiria chochote. Pakiti kumi na mbili zikauzwa kabla ya adhuhuri.

Jumatatu alasiri jirani yao, fundi cherehani, alikuja amembeba mwanawe.

"Tunatoka zahanati, dada. Ametapika usiku kucha. Nilimpa uji wako tu. Niliona tarehe mpya, hata sikuunusa."

Shangazi alinusa ile pakiti, akakaa kitako. "Basi ni yule mwenye mashine. Kanisagia nafaka mbovu. Leo atanitambua."

Mtoto alikuwa amelegea begani, macho yamezama. Chiriku alimtazama kwa muda.

"Shangazi, usiende," alisema. "Ni mimi. Niliujaza ule wa zamani."

Shangazi hakumpiga. Alichukua kikapu, wakazunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya pakiti kumi na moja zilizobaki. Kwenye kila mlango Chiriku ndiye aliyesema: "Nilibandika tarehe ya uongo. Naomba msimpe mtoto." Wengine walishukuru, wengine walimkaripia. Kwenye mlango wa mwisho sauti ilimkatika, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alhamisi mtoto wa fundi alikuwa anatambaa tena, anavuta nyuzi chini ya cherehani.

Jioni hiyo shangazi alimketisha Chiriku kando yake.

"Mwanangu, kubadili pakiti si kosa. Watu wanapenda kizuri. Lakini mtoto hajui kusoma wala kukataa. Anafungua kinywa kwa sababu anamwamini aliyeshika kijiko, na aliyeshika kijiko ametuamini sisi. Tarehe ile ni neno letu."

"Nimeelewa, shangazi."

"Na siku ukichoka, niambie umechoka. Ukinyamaza, nitajuaje?"

"Nimechoka," akasema Chiriku.

Shangazi akamvuta, akamlaza pajani.