Kipande Kilichobaki Kwenye Simu ya Mkwe

Sauti iliyokuwa inatoka kwenye simu ya baba mkwe mtarajiwa wa dada yangu... ilikuwa yangu mimi.

Na ilikuwa inamkejeli yeye mwenyewe.

Mbele ya mama. Mbele ya mshenga. Mbele ya dada Placidia, kavaa kitenge kipya, kashika kisahani cha kahawa ya kutafuna ya wageni.

"Mimi Gaudiosus wa Kihanga... nyam nyam... nikipita kwenye mibuni yangu hata jua linaniamkia shikamoo... nyam nyam... Hizi ndizi ni chache, ila kwa kuwa mmenibembeleza, ongezeni."

Hayo manyam nyam ni mimi naigiza anavyotafuna kahawa huku anahutubia.

Nilitafuta pa kuweka uso nikakosa.

Wewe unayesoma hapo na kucheka, subiri kwanza. Hujafika kwenye aibu yenyewe. Hiyo ilikuwa salamu tu.

Naitwa Mackrine, wa Mabira huku Kyerwa. Form four nimemaliza, na kijijini najulikana kwa jambo moja: kuiga watu. Naiga mwenyekiti wa kijiji anavyokohoa kabla ya kudanganya. Naiga mwinjilisti. Naiga mpaka kuku wa jirani.

Sasa dada kapata mchumba, Aristides, kijana mtaratibu wa Kihanga, upande wa Karagwe. Siku baba yake, mzee Gaudiosus, alipokuja na mshenga kujitambulisha, mimi ndiye niliyepiga picha kwa simu yangu.

Wageni walipoondoka tu, nikaingia migombani nikajirekodi nikimwiga mzee wa watu. Ilikuwa ya kuwachekesha mashoga zangu. Wakacheka mpaka wakalala chini.

Walipokuja mara ya pili, kupanga tarehe ya harusi, mzee akaniita.

"Binti, zile picha za siku ile mbona sijaziona?"

"Nakurushia sasa hivi baba. Washa Tupia."

Tupia ni ile programu ya kurusha vitu simu hadi simu bila bando. Huku kwetu bando ni la kubana, kwa hiyo kila mtu anayo.

Ila Tupia ina ujinga wake. Ukichagua picha moja ya siku fulani, inajibebea kila kitu cha siku hiyo, mpaka sauti. Haiulizi. Na kinachofika mwisho, inakicheza yenyewe hata kabla hakijafika chote. Sijui nani aliwaambia tunapenda hivyo.

Ndiyo hivyo nyam nyam zikatoka hadharani.

Halafu ghafla... kimya.

Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Rekodi ikakatikia katikati.

Mama kaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mshenga, mzee Dastan, anaangalia dari kama anahesabu misumari. Dada Placidia ananiangalia mimi, na yale macho sitaki kuyaona tena.

Mzee Gaudiosus kainamisha kichwa. Mabega yanatikisika kidogo.

Nikajua ni hasira. Nikajua uchumba wa dada umekufa, na muuaji ni mimi.

Wadau, hapo ndipo mdomo wangu ulipoamua kuniokoa bila kuniuliza.

"Baba... imekatika. Ilikuwa inaendelea."

Akainua uso. "Inaendelea wapi?"

"Ule ulikuwa utani wa mwanzo tu. Kule mbele nilikuwa naongelea ulivyomtaja marehemu mama Prudensia. Nilivyoguswa. Mpaka nililia, baba."

Ni kweli siku ya kwanza mzee alimtaja marehemu mke wake, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Ila mimi kulia? Nilikuwa naangalia anavyolia ili nikaige vizuri.

Mzee akavua kofia. Akaiweka gotini.

"Ulilia? Kwa ajili ya Prudensia?"

"Nililia baba."

"Waitu, jamani," akasema taratibu. "Tangu tumzike, watu wanakwepa hata kulitaja jina lake mbele yangu. Kumbe kuna mtoto alimlilia na hakumjua."

Mama akashusha pumzi. Dada akapita na kisahani cha kahawa. Tarehe ikapangwa palepale.

Ungekuwa wewe ungeona nimeshinda. Na mimi niliona hivyo.

Tatizo, mzee sasa akakitaka hicho kipande.

"Nirushie nikisikie. Nikawasikilizishe na watu wangu Kihanga."

"Simu imezima baba. Halafu hii Tupia ni mbovu, kitu kikikatika ndiyo basi tena."

"Ni mbovu, na wenyewe hawajui?"

"Labda hawajui."

"Sasa watajuaje usipowaambia? Chukua simu yangu. Waandikie."

Mle ndani ya Tupia kuna sehemu ya kutuma maoni. Nikajisemea, nani atasoma maoni ya mzee wa Kihanga? Haya, tuandike tumalize.

Nikaanza kujifanya mtaalamu. Nikaandika kwamba mtu akichagua picha moja iende moja, isizoe mzigo wote wa siku, na kitu kikifika kisijicheze chenyewe. Nikaandika kwamba kabla ya jambo lolote lisiloweza kurudishwa, iulize kwanza. Nikaandika kwamba kitu kikikatikia njiani kisife, simu zikikutana tena kiendelee chenyewe pale kilipoishia.

"Umeandika hayo ya kuendelea?" mzee akauliza.

"Nimeandika."

"Sisitiza."

Nikasisitiza. Jamani, nilisisitiza kabisa.

"Na waambie herufi zao ni ndogo kama mayai ya chawa. Waandike kama bango la mkutano wa injili."

"Sawa baba."

"Na hayo majina. Nilikuwa natafuta simu yako naona majina kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Simu iseme ni ya Mackrine, mtu ajue ni Mackrine."

Mzee Dastan naye akadakia. "Na ipunguze kunywa chaji."

"Wewe una simu ya kitochi, Dastan, inakuhusu nini?"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa utaniuliza kwa nini nilipofika kwenye chaji sikuifuta ile rekodi.

Nitakuambia ukweli hata kama unanichoma. Niliipenda. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikiwa peke yangu shambani naiwasha, nacheka mwenyewe.

Baada ya muda Aristides akampigia dada simu. Baba yake haongei jambo lingine. Wale vijana wa Tupia wamemjibu. Wamemwita "Mzee wetu Gaudiosus". Wamesema maoni yake wameyafanyia kazi na toleo jipya linakuja.

Kihanga nzima ikajua mzee amerekebisha programu.

Dada ananisimulia huku anacheka. Mimi nakumbuka nilivyosisitiza.

Nikajipa moyo. Watu wa kompyuta wanasema tu hivyo, kama wanasiasa.

Siku ya wakwe kuleta pombe ya kienyeji na kuthibitisha mambo ikafika. Safari hii wamekuja wengi. Shangazi wa Aristides wapo. Wazee wa upande wetu wapo. Nyasi mbichi zimetandikwa chini, rubisi imewekwa katikati.

Nikaenda kusalimia. Nikapiga magoti mbele ya mzee kama tunavyofundishwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Na simu yangu iko kwenye mfuko wa gauni. Tupia imejiboresha yenyewe juzi nilipoweka bando, wala sikujali.

Nikiwa bado magotini... simu yake ikalia. Na yangu ikatetemeka.

Mzee akaitoa, akaiangalia kwa mbali. Uso wake ukafunguka kama mtoto aliyeletewa andazi.

"Imefika! Kile kipande cha Prudensia kimefika!"



"Nyamazeni," akawaambia watu wake. "Huyu binti alimlilia mama yenu. Nimewaambia siku zote. Leo mtamsikia kwa masikio yenu. Mackrine, shika, fungua."

Akanikabidhi simu.

Watu wote wameinama kusogeza masikio. Shangazi mmoja kashatoa leso.

Nikawaza haraka. Nikifuta sasa hivi, nitasema imepotea. Tupia ni mbovu, kila mtu anajua.

Nikabonyeza kufuta.

Skrini nzima ikajaa maandishi. Meusi. Makubwa kama bango la mkutano wa injili.

UNATAKA KUFUTA SAUTI HII? HAITARUDI.

Kidole changu kikaganda, na mzee yuko hapo begani kwangu. Miwani hana. Hakuihitaji.

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa furaha ya mtu anayeona maoni yake yamefanyiwa kazi. Alipofika mwisho, furaha ikamtoka.

"Unafuta nini, mwanangu?"



Akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu, bila kupokonya. Akabonyeza HAPANA. Akawasha.

"Ooo Prudensia wanguuu... umeniacha na nani mimiii... nani atanitafunia kahawaaa..."

Kisha kile kilio. Nilikivuta kama mbuzi aliyekwama kwenye miiba. Nilikivuta sana. Nyuma unawasikia mashoga zangu wanacheka.

Halafu sauti yangu ya kawaida, safi kabisa: "Mzee muigizaji yule. Akipata mwingine kesho, machozi yanakauka saa hiyohiyo."

Ikaisha.

Shangazi akarudisha leso mahali pake. Mama akainuka akaingia ndani, na mlango akaurudishia.

Dada Placidia hakuniangalia. Alikuwa anaangalia nyasi.

Mzee Dastan akashika fimbo yake, akataka kusimama. "Gaudiosus, tuondoke."

"Kaa, Dastan. Tulikuja kwa Placidia. Huyu mwingine hatukuja kumposa."

Dastan akakaa.

Mzee akanigeukia. Mimi bado niko magotini. Hakuna aliyeniambia niinuke.

"Ile ya kwanza, ya kutafuna," akasema, "unajua nilifanya nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilicheka. Niliinamisha kichwa nisionekane nacheka mbele ya mshenga. Prudensia alikuwa ananiiga hivyohivyo, mpaka na hiyo nyam nyam. Nilikuwa najiandaa kukuomba uirudie."

Wadau... yale mabega yaliyotikisika. Ilikuwa kicheko.

Siku ile sikuhitaji kusema neno. Ningekaa kimya tu, ningekuwa mtoto mtundu aliyemwiga mkwe sawasawa. Mimi ndiye niliyemchukua marehemu wa watu nikamfanya ngao.

"Nisamehe baba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, na safari hii sikuwa naiga mtu.

Hakusema amenisamehe. Sitakudanganya hapa.

Alinipa simu tena. Nilipoiangalia ilikuwa ileile sehemu ya kutuma maoni, tupu.

"Waandikie wale vijana."

"Niwaambie nini baba?"

"Waambie wamefanya kazi nzuri. Siku hizi inafika yote."

Nikaandika. Mbele ya ukoo mzima, magotini, machozi yanadondokea skrini ya mtu, nikaandika kwamba inafika yote. Mzee akasoma mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akabonyeza kutuma.

Harusi ipo. Dada ananisemesha, ila kwa maneno ya kazi tu: leta maji, funga mlango. Mama ameniambia siku ya harusi nitakaa jikoni, na MC asijaribu hata kulitaja jina langu.

Wewe unayejua kuiga watu kama mimi: ukikamatwa na utani, acha uwe utani. Mwenye kuchekwa anaweza kukucheka na yakaisha. Ila ukiufunika utani kwa kaburi la mtu, jua umemlazimisha mfiwa azike mara ya pili.

Na kabla hujamwandikia mtu orodha ya makosa ya programu yake, hebu jikague kwanza wewe mwenyewe. Mimi sikujikagua. Walirekebisha kila nilichowaambia.