Magurudumu ya Silvano

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, Cubaka alipofika Magara kuchukua furshi, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele la pikipiki. Alikuwa fundi mjini Rumonge, mzaliwa wa Uvira, na kwa miezi mingi alikuwa akiijenga upya pikipiki moja kuukuu, yenye umri wa baba yake. Aliitaka iwe ndefu, ya chini, isiyofanana na nyingine yoyote kwenye barabara ya ziwa. Injini ilishaanza kunguruma. Ilibaki kupata furshi na magurudumu mengine.

Mama Speciosa, mjane wa pale ufukweni, alimpeleka nyuma ya nyumba, akafunua nyavu mbovu. Chini yake ilisimama pikipiki ya marehemu mumewe, Silvano. Tanki lilikuwa limeoza, kiti kimeliwa na panya. Lakini furshi ilimeta. Magurudumu hayakuwa na hata doa la kutu.

"Ulikuwa unayapaka mafuta, Mama?"

"Miye? Sijaigusa hata siku moja."

Cubaka akapiga magoti, akafungua nati. Zililegea kwa vidole tu. Alipokuwa anaondoka na mzigo wake, yule mama akamshika mkono.

"Uko na bibi?"

"Niko naye."

"Usimupakize."

"Kwa nini, Mama? Kiti nitaweka kipya."

"Ule hafuati kiti," akanong'ona. "Anafuata magurudumu."

Cubaka aliona ni uchungu wa ujane unaosema. Akamshukuru kwa Kirundi, murakoze, akaenda zake.

Vyuma vile vilikaa kwenye pikipiki yake kana kwamba vilizaliwa nayo. Ila siku ya kwanza kuiendesha, akiwa peke yake, springi za nyuma zilibonyea... taratibu, kama mtu anayepanda kwa adabu. Akazikaza. Zikabonyea tena. Na kulikuwa na harufu ya nguo mbichi na ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ni zile nyavu, akajiambia.

Aliposimama Gatete kununua mihogo, muuzaji akamchangamkia. "Karibuni nyinyi wawili!"

Cubaka hakugeuka nyuma. Wala hakumwambia mkewe, Généreuse. Pikipiki ilikuwa imempendeza mno, na barabara nzima ilikuwa inaitazama.

Jumapili akampakia mkewe, wakaenda Magara kumwona dada wa Généreuse. Wakarudi jua likizama, ziwa likiwa kulia kwao, limetulia.

"Baba Aksanti," Généreuse akamwita kwa jina la binti yao. "Mbona mugongo yako iko baridi hivi?"

"Ni upepo."

"Na umelowa. Shati yote imelowa."

Shati la Cubaka lilikuwa kavu.

Akajitazama kiunoni. Kila siku mkewe humkumbatia kwa nguvu akiwa nyuma yake. Sasa hapakuwa na mikono yoyote kiunoni mwake.

"Mama Aksanti," akasema polepole. "Umenishika?"

"Nimekukumbatia kabisa."

Harufu ya ndagala ikamjaa puani. Kitu kikapumua sikioni mwake. Kilikuwa karibu kuliko mkewe.

Akashika breki. Hazikushika.

Usukani ulikuwa umenyooka mikononi mwake, lakini gurudumu la mbele lilikuwa limekata kulia. Kuelekea majini.

Cubaka akajirusha kushoto na pikipiki yote. Walibiringika kwenye mchanga, Généreuse akipiga kelele, mkono wake umevunjika. Pikipiki ililala ubavu hatua chache kutoka majini. Injini ilikuwa imezimika. Magurudumu yaliendelea kuzunguka.

Kesho yake alivirudisha vyuma vyote Magara. Mama Speciosa hakushangaa.

"Silvano alikuwa anapakiza watu," alisema. "Jioni moja mwanamuke akamuomba hapa mwaloni, penye mitumbwi, amufikishe kwao. Watu walisikia akimuuliza kwao ni wapi. Mwanamuke akamwambia, nyoosha tu. Pikipiki ilikutwa kwenye muchanga, kavu. Silvano hakuonekana tena. Wengine wanasema jirani alimutumia uchawi. Miye sijui."

"Na anayepanda nyuma ni nani? Ni Silvano, ao ni ule mwanamuke?"

Mama Speciosa akavuta nyavu, akafunika. "Wewe ndiye umebebana naye. Hukumujua?"

Mkono wa Généreuse ulikuwa bado kwenye plasta alipokubali kuzungumzia safari ile.

"Kabla hatujaanguka, aliniuliza kitu," alimwambia mumewe. "Sauti ya upole sana. Aliniuliza kama tumefika."

Cubaka akasogea karibu naye.

"Ukamujibu nini?"

Généreuse akageukia ukutani.

"Nilifikiri ni wewe... Nikamwambia bado."