Helmeti ya Wade

— Britta, nipe helmeti yangu.

Britta Kolar alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameikumbatia ndani ya koti, kaikaza kama mama aliyebeba mtoto sokoni. Wade Ostergaard, beki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Tolliver, alisimama mbele yake akitokwa na jasho kwenye baridi ile ya Novemba ya Nebraska, na kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kuanza.

— Sikupi.

— Mbona unanitania saa hizi?

— Sikutanii, Wade.

Basi tuelewane kabla sijaendelea. Wade na Britta walikuwa wachumba, na harusi ilikuwa Juni, kwenye kanisa la kwao Britta. Britta alikuwa anasomea utabibu wa michezo, na kila Jumamosi alikaa kando ya uwanja akigawa maji, akifunga bandeji na kumsaidia Gwen, mtabibu wa timu. Timu yenyewe ilikuwa ya kutia huruma. Tangu msimu uanze haikuwa imeshinda hata mechi moja. Ila leo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, siku ya kuwaaga wachezaji wa mwaka wa mwisho. Asubuhi Wade alipita katikati ya uwanja kamshika mkono mama yake, Lorraine, watu wakapiga makofi, na mama wa watu akavishwa ua kifuani. Na safari hii walikuwa wanaongoza.

Sasa, mpira wa Kimarekani ni wa kugongana vichwa, na ubongo ukitikisika, mtu hatolewi kwa kukisia. Kila Agosti, wachezaji wakiwa wazima, wanapimwa kumbukumbu kwenye kompyuta: wakumbuke maneno, wataje miezi kinyumenyume. Ukigongwa baadaye unapimwa tena, na majibu yanalinganishwa na yale ya Agosti. Wajanja wakagundua njia. Agosti wanajifanya wajinga, wanakosea makusudi, ili hata wakigongwa wakawa kama walevi, majibu yaonekane yale yale. Wade alifanya hivyo, akamsimulia Britta kwenye gari huku akitafuna mbegu za alizeti. Na Britta alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile kilikuwa kinamchoma sasa.

Maana katika robo ya pili ya mchezo, kabla ya mapumziko, Wade aligongwa uso kwa uso na jitu la timu pinzani. Akainuka, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani, kisha akashtuka na kugeuka. Gwen hakuona, alikuwa anamfunga mtu goti. Baadaye akaambiwa Wade kagongwa, akampima palepale kando ya uwanja, majibu yakafanana na ya Agosti, akamruhusu arudi. Britta alivumilia mpaka mapumziko, akashindwa. Akaenda kwa Gwen akatapika siri yote. Gwen alimtazama bila kumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Akaichukua helmeti ya Wade, akampa Britta, akamwambia asimrudishie hata akilia machozi ya damu. Bila helmeti hakuna mwamuzi atakayemruhusu kuingia uwanjani.

— Umemwambia nini Gwen? Wade akauliza, sauti imeshuka.

— Nimemwambia ya Agosti.

— Nilikwambia wewe peke yako, Britta.

— Najua.

— Mama yangu yuko pale na ua kifuani. Mimi sina mechi nyingine maishani mwangu. Nikivua jezi hii leo, basi.

— Ulikuwa unakwenda kukaa na wapinzani, mpenzi. Nilikuona.

Wade alimwangalia kama mtu asiyemjua.

— Usiniite mpenzi. Huyo wa kufunga naye ndoa Juni katafute mwingine. Mimi na wewe tumemalizana.

Benchi zima lilisikia. Jamaa mmoja akamwambia Wade kwa sauti kwamba demu wake kamuuza mchana kweupe, wengine wakaguna. Kilichofuata unakijua. Mbadala wa Wade alipitwa kama mlango ulioachwa wazi, wapinzani wakarudisha pointi zote na kuongeza. Timu ikamaliza msimu bila ushindi. Wachezaji walipita mbele ya Britta bila kumtazama, na yule mwenye mdomo akamwambia maji yake akanywe mwenyewe.

Jioni ile timu na wazazi walikuwa wanakula pamoja ukumbini, chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini. Britta hakwenda. Alijilaza chumbani kwake na viatu miguuni, hana hata nguvu ya kulia. Simu ikaita. Wade. Akapokea akijua anakwenda kutukanwa.

— Mamii, uko wapi? Nakusubiri twende tukale.

Ile ile sauti yake tamu. Britta akakaa wima, moyo ukamlipuka kwa furaha.

— Umenisamehe?

— Nikusamehe nini tena? Wade akacheka. Hebu niambie, tulishinda?

Furaha yote ikamwishia hapo hapo.

— Wade, uko na nani?

— Peke yangu, kwenye chumba changu. Kichwa kinagonga. Mama nimemwambia atangulie, wewe utakaa na mimi.

Na Lorraine wa watu angejuaje kwamba wameachana? Britta alitoka mbio, akapiga simu kuita gari la wagonjwa huku anakimbia, akamwachia Gwen ujumbe: “Wade hakumbuki mchana. Njoo.”

Alimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni. Wade akamnyooshea mkono.

— Tulishinda?

— Tulifungwa.

— Mbona sikumbuki kipindi cha pili?

— Hukucheza. Walichukua helmeti yako.

— Nani aliwaambia wachukue?

Angeweza kusema ni Gwen. Neno moja tu, na mchumba wake angebaki wake. Lakini uongo wa Agosti ulikuwa umemtosha.

— Ni mimi, Wade.

Uso wa Wade ukaanguka vilevile kama mchana. Akaurudisha mkono wake.

— Nilikwambia wewe peke yako.

— Najua.

— Basi tumemalizana.

Akageukia ukutani. Britta akabaki ameachwa mara mbili kwa siku moja, na mtu yule yule. King'ora kilikuwa kinakaribia. Kisha Wade akageuka tena polepole, uso umetakata, anatabasamu.

— Mamii, umefika saa ngapi? Tulishinda?

Britta alifungua mdomo, na safari hii ukweli haukutoka.

— Tulishinda, mpenzi. Ulicheza mpaka mwisho.

Wade akamshika mkono, akafumba macho kwa raha. Watu wa machela walipoingia, mmoja akauliza huyu binti ni nani wake.

— Mchumba wangu, Wade akasema.

Britta akainama, akaanza kumvalisha kile kiatu cha pili ili wasione anavyolia.